Punguzo Lako Analipa Nani?

Kila jioni, kwenye vikundi vya WhatsApp vya watu wa malori, huingia ujumbe wa aina moja. Kasha la futi 40, linatoka Mombasa, linashuka Nairobi, linapakiwa kesho asubuhi, nani yuko karibu? Bei haiandikwi. Bei unaambiwa pembeni, mkiwa wawili, na ukiikataa hutajua ni nani aliyeikubali baada yako.

Msee mwenye lori moja, analoliendesha mwenyewe na ambalo bado anailipa benki, maisha yake yanategemea ujumbe kama huo. Muulize anatafuta nini, atakwambia mzigo unaolipa. Ushauri wa jinsi ya kuupata nao umejaa kila mahali. Jenga jina. Fika kwa wakati. Ijue njia moja vizuri badala ya kuzijaribu zote. Mtafute mwenye mzigo mwenyewe, usikae nyuma ya madalali watatu. Ni ushauri mzuri na sina ugomvi nao.

Ila kuna swali ambalo ushauri huo hauligusi. Ukiletewa mzigo usiolipa, ukauchukua kwa sababu ndio uliopo, je, kuna mtu umemkosea?

Wengi watajibu hapana kabla hujamaliza kuuliza. Lori ni lako, deni ni lako, jasho ni lako. Ukiamua kwenda Nairobi kwa bei ya hasara, hasara ni yako pia. Lakini ngoja kidogo. Kesho yake mwenye mzigo atampigia dereva mwingine, na huyo akitaja bei yake ya kawaida ataambiwa, "Jana nimepata mtu wa elfu tisini." Huyo mtu ni wewe. Hamjuani, pengine hamtawahi kukutana, lakini uamuzi wako wa jana ndio anaopambana nao leo.

Na jambo hili si la malori peke yake. Kama unachora logo, unapiga picha za harusi, unaandikia watu makala mtandaoni au unapeleka chakula kwa bodaboda, tayari unalijua. Kuna siku ulitaja bei yako ukaambiwa yupo mwingine atakayefanya kwa nusu. Huenda kuna siku nyingine wewe ndiye ulikuwa huyo mwingine. Nimechagua malori kwa sababu kwa malori hesabu iko wazi. Unajua kilomita, unajua lita, unajua deni.

Basi tuanze na hesabu, maana ukizungumzia haki bila kujua bei ya dizeli unahubiri tu.

Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Tuseme lori lako likiwa limepakia linakula lita moja kwa kila kilomita 2. Hizo ni lita 240. Likirudi tupu linakula kidogo, tuseme lita moja kwa kilomita 3, yaani lita 160. Jumla ni lita 400. EPRA hutangaza bei mpya ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na Septemba 2023 dizeli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa lita. Wacha tutumie 180, tusionekane tunalia. Mafuta peke yake, kwenda na kurudi, yamekula shilingi 72,000. Bado hujamlipa tanboi, hujala, hujalipia paking ya usiku, hujaweka kando pesa ya tairi wala ya bima.

Sasa tuseme rejesho la benki ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Hiyo ni 5,000 kila siku, lori liwe linatembea au limelala. Ongeza 1,000 ya chakula na paking. Uko Miritini, leo umeitiwa mzigo wa 90,000. Unajua ni bei ya kubanwa. Unajua pia kwamba ukisubiri siku nne huenda ukapata wa 115,000. Siku nne za kusubiri zitakugharimu 24,000. Ukitoa hizo kwenye 115,000 unabaki na 91,000. Kwa hiyo ule mzigo unaolipa, baada ya kuungoja, umekuzidishia shilingi 1,000. Na hapo ni kama kweli ulikuja.

Mwenzako wa lori la pembeni alishamaliza kulipa benki. Kwake siku ya kusubiri ni 1,000 tu. Siku nne ni 4,000. Mzigo ule ule unamwachia 111,000. Hana ujanja wowote unaokuzidi, hajui njia kukuliko, na hana namba za simu ambazo wewe huna. Anamudu kungoja, basi.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Walisema kweli, ila subira nayo ina bei, na bei hiyo haifanani kwa watu wote. Mara nyingi anayeweza kungoja ni yule ambaye tayari ana kitu. Halafu huyo huyo ndiye hualikwa kuwafundisha wengine biashara, na huwaambia wasikubali bei mbaya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anauliza mizigo inayolipa inapatikana wapi, huwa naona jibu haliko mahali fulani kwenye ramani. Kupata mzigo unaolipa ni kuwa na uwezo wa kukataa usiolipa. Na kama ni hivyo, hatuwezi kuwalaumu watu kwa kutokataa kabla hatujauliza ni nani aliye na uwezo huo.

Madalali wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Sikiliza simu inavyoanza.

"Boss, uko wapi?"

"Niko Mlolongo."

"Gari iko tupu?"

Hapo ndipo biashara yote ilipo. Ukisema ndio, bei imeshuka kabla haijatajwa. Mlolongo yenyewe ilipata jina lake kutokana na foleni ya malori kwenye mizani, kwa hiyo huo ni mji uliokua kwa sababu ya watu wanaosubiri. Mtu anayekuuliza kama uko tupu ukiwa Mlolongo anataka kujua unaweza kusubiri siku ngapi.

Lakini tusimhukumu dalali haraka. Kampuni kubwa yenye mizigo kila wiki haitaki kusumbuana na mtu wa lori moja. Inataka bima ya mzigo, kifaa cha kufuatilia gari, na lori lingine la akiba iwapo hili litaharibika Mtito Andei. Zaidi ya yote inataka kulipa baada ya siku 30, au 60, au hata 90. Dereva anataka pesa ya mafuta leo. Dalali anayemjazia tangi leo, kisha akakaa miezi miwili akisubiri hundi, amefanya kazi ya kweli. Amemuuzia dereva subira, na ni haki alipwe.

Shida ni pale kati ya mwenye kasha na mwenye lori wanapokaa madalali watatu, kila mmoja akikata chake. Wa kwanza pengine amebeba hatari. Wa pili na wa tatu hawajajaza tangi wala hawasubiri hundi. Wanalipwa kwa sababu moja tu, kwamba dereva hajui bei iliyotajwa kule juu.

Ndiyo maana programu za simu zilipokuja wasee wengi walifurahi. Lori Systems ilianza mwaka 2016, nyingine zikafuata, zikiahidi kumkutanisha mwenye mzigo na mwenye gari bila watu wengi katikati. Zilisaidia wengine. Sendy, mojawapo ya zilizojulikana sana Nairobi, ilifunga mwaka 2023. Na hata ile programu nzuri kuliko zote haiwezi kutengeneza mzigo ambao haupo. Bandari ya Mombasa hupokea mizigo mingi kuliko inayotoka. Ngano, chuma, mbolea, mashine na nguo hupanda kwenda bara. Chai na kahawa hushuka, pamoja na vitu vingine vichache. Makasha mengi hurudi pwani yakiwa matupu.

Hapo swali letu linakuwa gumu kabisa, kwa sababu ya mzigo wa kurudi.

Chukua dereva wa Mombasa aliyepeleka kasha Kampala, safari inayozidi kilomita 1,100, akalipwa vizuri. Lazima arudi nyumbani. Akirudi tupu anachoma mafuta bure. Akifika Nairobi anasikia kuna mtu ana tani kadhaa za kupeleka Mombasa. Kwake bei yoyote inayozidi gharama ya kupakia, kushusha na mafuta kidogo ya ziada ni faida. Anasema elfu arobaini. Si mjinga. Hajamdanganya mtu. Na hata kwa nchi ni afadhali lori lirudi limebeba kuliko lishuke tupu huku lingine likipandishwa Nairobi kufanya kazi ile ile.

Ila upande huu yupo msee wa Nairobi, mwenye lori lake na watoto wake Nairobi. Kwake Nairobi hadi Mombasa ndiyo safari ya kwenda, safari inayopaswa kumlipia benki. Atashindanaje na mtu ambaye njia hiyo angeipita hata bila mzigo? Mzigo wa kurudi wa mwenzako ndio mzigo wa kwenda wako. Anaposikia elfu arobaini anahisi ameibiwa, na ukimuuliza mwizi ni nani, hana jina la kukupa.

Nadhani hakuna aliyemuibia. Najua si jibu tamu, lakini kama hatulikubali tutaishia kumchukia kila mtu anayetoza chini yetu. Zipo hasara zinazouma sana na bado si dhuluma. Bei ya chini inaweza kutoka mahali pa halali kabisa. Kwa hiyo bei peke yake haituambii kama kuna kosa. Tunahitaji kipimo kingine.

Watu wa pwani wamekuwa na cha kusema kuhusu hili tangu kabla ya malori. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo yameongoza biashara ya miji kama Mombasa na Lamu kwa karne nyingi, kuna mambo mawili ambayo mimi hupenda kuyaweka pamoja. La kwanza, bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume awapangie bei, naye hakukubali, akihofia kumdhulumu mtu. La pili, alikataza watu kutoka mjini na kwenda kuukuta msafara njiani, kabla haujafika sokoni, ili wanunue kutoka kwa wasafiri ambao bado hawajaijua bei ya mji. Wanazuoni huliita jambo hilo talaqqi al-rukban.

Yasome pamoja. Bei inaweza kupanda na kushuka, wala si kila bei mbaya ni dhambi. Kilichokatazwa ni kumuwahi msafiri kabla hajajua, ukaufanya ujinga wake kuwa faida yako. Katazo lile lilihusu watu wa ngamia, lakini ukilisoma ukiwa umekaa kwenye kibanda cha chai pale Mariakani, huku simu ya broka wa tatu inaita, hutaona limezeeka.

Huko Ulaya, katika karne ya 13, Thomas Aquinas aliandika jambo linalokaribiana na hilo. Alisema muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa, kwa kuwa shida hiyo si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Ligeuze upande wa pili. Dereva ndiye anayeuza, anauza safari. Anayenunua anaona ana deni, ana tarehe ya benki, amelala kwenye lori siku ya tatu. Deni hilo si bidhaa, hakulileta sokoni. Mtu akilitumia kuishusha bei ananunua safari, na juu yake anachukua kitu ambacho hakikuwa kinauzwa.

Sawa, utasema, basi wenye malori wakubaliane. Waseme kwa sauti moja kwamba chini ya laki moja hakuna gari inayotoka Miritini. Ndilo wazo la kwanza la kila mtu, na kwenye vikundi hurudi kila baada ya wiki chache. Tatizo ni kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza washindani kupanga bei pamoja, na haiviruhusu vyama vya wafanyabiashara kufanya hivyo kwa niaba yao. Ni sheria nzuri. Iliwekwa ili wakubwa wasikae hotelini wakatupangia bei ya sukari. Lakini mbele yake, mwenye lori moja na mwenye malori mia tatu wote ni wafanyabiashara.

Linganisha na mwajiriwa. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na hata kugoma. Dereva aliyeajiriwa anaweza kusimama na wenzake wakasema mshahara hautoshi, na hiyo ni haki yake. Dereva mwenye lori lake akisimama na wenzake wakasema bei haitoshi, wanaweza kuambiwa wamekula njama. Anaendesha barabara ile ile, analala kwenye kiti kile kile. Kujiajiri kulimpa jina la bosi, halafu kukamwondolea wenzake. Sisi vijana tunaoambiwa kila siku tujiajiri tungefaa kulifikiria hilo mara mbili. Uhuru wa kutokuwa na bosi ni mtamu, lakini unakuja na upweke ambao hakuna anayekutajia.

Serikali basi iweke bei ya chini kabisa? Hilo limejaribiwa kwingine. Brazil iliweka viwango vya chini vya usafirishaji kwa sheria baada ya mgomo mkubwa wa madereva wa malori wa Mei 2018. Australia iliunda baraza la malipo ya madereva mwaka 2012, kwa hoja kwamba bei mbovu huzaa mwendo wa kasi na usingizi kwenye usukani. Mwaka 2016 kiwango cha chini kilichoagizwa na baraza hilo kwa madereva wanaojitegemea kilipokuwa kinaanza kutumika, wengi wa madereva hao hao walikuja juu. Walisema wakilazimishwa kutoza bei kubwa, wenye mizigo watakwenda kwa kampuni kubwa na wao watabaki wameegesha. Baraza lilivunjwa Aprili mwaka huo huo.

Mimi nadhani pande zote mbili pale zilikuwa na haki. Ni kweli bei mbovu huua watu barabarani. Ni kweli pia kwamba bei nzuri isiyo na mzigo haimlishi mtu.

Hapa kwetu serikali imewahi kuingia, ila kutoka upande mwingine. Agosti 2019 liliagizwa kwamba mizigo ya kutoka bandarini kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli ya SGR. Mombasa iliandamana, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo hilo. Mwenye lori moja alijifunza kitu wakati ule. Mzigo wake ungeweza kutoweka kwa barua moja, bila yeye kuwa amekosea chochote. Kwa hiyo mtu akikwambia bei ni kama mvua, inanyesha tu, usikubali upesi. Nyuma ya bei kuna watu wanaoamua, na wengine wao wana maofisi.

Sasa nirudi kwenye kipimo. Kwangu mimi, swali la kuuliza kila bei inaposhushwa ni hili: punguzo hilo analipa nani?

Mara nyingine halilipwi na mtu. Huyo aliyekuwa anarudi Mombasa hata hivyo alikuwa na nafasi tupu kwenye trela, akaiuza. Punguzo lake limetoka kwenye kitu ambacho kingepotea. Hana kesi ya kujibu, hata kama msee wa Nairobi ameumia.

Mara nyingine unalilipa mwenyewe. Umechukua mzigo wa hasara kwa sababu benki iko karibu kulichukua lori. Umekula akiba yako, umekula tairi ya mwezi ujao. Hilo ni jambo la kusikitisha, wala si la kuhubiriwa. Ni kweli umeishusha bei ya mwenzako, lakini wajibu wa kukataa unalingana na uwezo wa kukataa, na wewe huo uwezo hukuwa nao. Anayestahili kuulizwa ni aliyekuona umebanwa, akakubana zaidi.

Na mara nyingine punguzo linalipwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Hapo ndipo kosa lilipo, na hapo njaa haitoshi kuwa utetezi. Kisheria, lori lenye ekseli saba katika Afrika Mashariki halifai kuzidi tani 56, pamoja na uzito wake lenyewe. Ukitoza bei ya chini kwa sababu umepakia kupita kiasi, tofauti inalipwa na barabara, yaani sisi wote. Ukitoza bei ya chini kwa sababu umeahirisha breki, inalipwa na familia iliyo kwenye Probox mbele yako pale Salgaa, sehemu ambayo kila Mkenya anaijua kwa ajali za malori. Ukitoza bei ya chini kwa sababu hujamlipa tanboi miezi miwili, inalipwa na mama yake kijijini. Ukitoza bei ya chini kwa sababu unaendesha usiku kucha, siku ya pili sasa, ukitafuna miraa ili macho yasifunge, inalipwa na yeyote atakayekuwa barabarani utakaposinzia. Bei yako inaonekana ya ushindani, lakini kilicho ndani yake ni pesa za wengine.

Kipimo hiki kinakubali kutumika kwa kila mtu kwenye mnyororo. Dalali anayekata asilimia yake, je, nani analipa, na amepata nini? Kama amepata subira na bima, sawa. Kama amenyimwa habari tu, basi ni yule mtu wa mjini aliyeukuta msafara njiani. Kampuni inayolipa baada ya siku 90, punguzo lake linatoka wapi? Linatoka kwenye riba anayolipa dereva akisubiri. Kampuni hiyo imekopa kwa mtu wa lori moja, bila kumwambia na bila kumlipa riba.

Nini kifanyike basi, kama kupanga bei ni kosa na kulaumiana hakusaidii? Nina jambo moja la kupendekeza, na si la ajabu. Wakenya ni watu wa chama. Tunachangia harusi, matanga, ng'ombe, mashamba. Chama cha wenye malori kinaweza kuchangia kusubiri. Tuseme watu 20, kila mmoja 1,000 kwa wiki. Hiyo ni 20,000. Kwa hesabu yetu ya mwanzo ni siku tatu za mtu mmoja aliyekwama bila mzigo. Si nyingi, najua. Lakini mara nyingi siku tatu ndizo zinazotenganisha mzigo wa 90,000 na wa 115,000. Hakuna aliyempangia mwenzake bei. Kila mtu anatoza anachotaka. Ila anayekataa sasa ana kitu cha kusimamia.

Jambo la pili ni kufundishana hesabu. Utashangaa ni wangapi wanaojua bei ya dizeli lakini hawajawahi kugawanya rejesho la benki kwa siku, wala kuweka tairi kwenye gharama. Mtu asiyejua gharama yake hawezi kujua amekubali hasara, na anaweza kuendelea hivyo hadi siku lori linapouzwa mnadani. Kumwonyesha mwenzako jinsi ya kupiga hesabu hakuvunji sheria yoyote. Kumwambia kampuni fulani ilichelewesha malipo yako miezi mitano, kama ni kweli, nako ni kumuwashia taa.

Jambo la tatu haliwahusu madereva. Linawahusu wasomaji wa hapa. Wengi wetu hatutaendesha trela maishani, lakini wengi tutakaa kwenye meza ambako mizigo inatolewa. Utakuwa ofisi ya manunuzi, utakuwa na duka la mtandaoni, utakuwa na kampuni ndogo inayoleta vitu kutoka bandarini. Utakuwa na bajeti, na bosi atataka uishushe. Siku hiyo wewe ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kukataa kuliko wote, na kwa kipimo nilichotoa, wewe ndiye mwenye wajibu mkubwa kuliko wote. Hakuna atakayekulazimisha. Bei ya chini itakuwepo, na mtu wa kuikubali atakuwepo.

Unaweza kuichukua. Lakini kwanza muulize huyo dereva bei yake inatosha mafuta, tanboi na usingizi, kisha nyamaza umsikilize. Akisema haitoshi, usimuulize kama gari iko tupu. Mlipe inayotosha, na umlipe mwezi huo huo.